Vichwa vya risasi kwa .30-30 ya zamani: nimchagulie mpwa wangu kipi?

Mpwa wangu yuko Montana, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwezi uliopita alinitumia picha ya bunduki aliyoachiwa na baba mkwe wake: Winchester Model 94, kitako kimechubuka pembeni, na ubavuni mwa mtutu pamechongwa "30 W.C.F." Chini ya picha akaandika: "Shikamoo mjomba. Risasi za dukani zimekuwa ghali, nataka nijaze mwenyewe kama wenzangu wa huku wanavyofanya. Maganda ninayo, mashine ya kujazia ninayo. Kinachonishinda ni vichwa. Viko vya kila namna na kila muuzaji ananivutia kwake. Wewe umeviona vikifanya kazi porini, nichukue kipi?"

Marahaba, mwanangu. Nilimjibu kwa simu siku hiyohiyo, lakini mazungumzo yalikuwa marefu na mtandao ukakatika mara tatu. Kwa hiyo naandika hapa, maana najua hayuko peke yake. Wapo vijana wetu wengine walioko nje wenye bunduki hizi, na wapo wadogo zangu wanaofanya kazi niliyoifanya mimi, ya kufuata nyayo na kubeba bunduki za wageni. Niliifanya miaka 19, mingi ikiwa pori la akiba la Rungwa, tukiingilia upande wa Chunya. Sasa nimerudi Mafinga, nalima viazi.

Wageni wa Kimarekani wanazipenda sana hizi bunduki za wenzo, zile unazokoki kwa kushusha na kupandisha kitanzi cha chuma kilicho chini ya kifyatulio. Na wengi wao huja na risasi walizojaza wenyewe kwao. Jioni kwenye moto wanatoa maboksi na kueleza. Kesho yake mimi ndiye niliyekuwa nachuna, kwa hiyo niliona kila kichwa kilifanya nini ndani ya nyama.

Niseme mapema kwa anayesoma akiwa Iringa, Njombe au Mbeya: hapa kwetu Tanzania silaha na risasi zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usijaze risasi nyumbani kwa sababu umesoma kwamba mpwa wa fulani anajaza. Yeye yuko kwenye nchi inayomruhusu. Na kama umerithi bunduki ya mzee, fika polisi kwanza, mambo ya vichwa yaje baadaye.

Tuelewane kwa majina

Kiswahili chetu kina shida moja hapa: risasi nzima ni risasi, kile kinachoruka ni risasi, na madini yenyewe ni risasi. Humu nitaita kinachoruka *kichwa*, ile kopo ya shaba ya njano *ganda*, kile kidude cha kuwashia kilicho katikati ya kitako cha ganda *fataki*, na madini nitayaita madini ya risasi. Uzito wa vichwa Wamarekani wanauhesabu kwa greni. Greni 150 ni gramu 9.7, greni 170 ni gramu 11.

Soma mtutu kabla ya kusoma boksi

"30 W.C.F." ndiyo ile risasi iitwayo .30-30, jina la zamani tu. Ilitoka mwaka 1895 kwa ajili ya Model 94, bunduki iliyobuniwa na John Browning. Kipenyo cha kichwa chake ni inchi .308, yaani milimita 7.82. Hapo watu wanajikwaa, kwa sababu Model 94 ilitengenezwa pia kwa risasi iitwayo .32 Winchester Special. Ukiziweka mezani ganda kwa ganda ni kama pacha, lakini kichwa cha ile ni inchi .321. Wazee wetu waliozoea ile .303 ya Kiingereza nao hudhani ".30" na ".303" ni ndugu. Si ndugu. Ile inakula kichwa cha .311 au .312, na hakipaswi kusukumwa ndani ya mtutu wa .308.

Mtutu wa miaka mingi usiuamini kwa maandishi peke yake. Mgeni mmoja, mzee wa miaka sabini hivi, alinionyesha namna ya kuupima. Alifungua wenzo, akahakikisha bunduki haina kitu, akaitazama kwa tochi chemba, pale risasi inapokaa ikiwa tayari kupigwa. Akachukua kipande cha madini ya risasi laini, mfano wa chubwi ya nyavu, kikubwa kidogo kuliko tundu la mtutu, akakipaka mafuta. Akakigonga taratibu kiingie mdomoni, kisha akakisukuma kwa ufito wa shaba hadi kikadondoka upande wa pili kwenye kitambaa. Nilikishika. Kilikuwa cha moto kidogo kwa msuguano, na ubavuni kimechorwa mabonde na matuta yaliyopinda, kila tuta likiwa ni alama ya mfuo, lile bonde la kuzunguka lililochongwa ndani ya mtutu. Akapima tuta hadi tuta kwa maikromita, akaandika namba kwa penseli ndani ya kifuniko cha boksi lake. Kila kichwa alichonunua baada ya hapo kilifuata namba ile. Mpwa wangu nilimwambia aanze na hilo, asinunue hata kichwa kimoja kabla.

Bomba ndilo linalokata vichwa vingi

Model 94 hubeba risasi zake ndani ya bomba chini ya mtutu. Humo zimelala kwa foleni, pua ya hii ikigusa kitako cha iliyo mbele yake, na katikati ya kitako ndipo fataki ilipo. Bunduki ikipiga, inaruka nyuma, na foleni yote inagongana. Pua ikiwa kali kama msumari inaweza kuigonga fataki ya mwenzake, risasi ikalipukia ndani ya bomba wakati mkono wako wa kushoto umelishika.

Kwa hiyo vile vichwa vyenye ncha kali, vinavyopendeza kwenye picha na kusifiwa kwa kwenda mbali, viache. Vinauzwa kwa wingi kwa sababu .308 ni kipenyo cha risasi nyingine nyingi, ikiwemo .30-06. Kipenyo ni kilekile, ndiyo maana muuzaji asiyejua anakupa. Wapo wanaovitumia kwa kuweka risasi moja chemba na moja tu kwenye bomba, ili pua isikute fataki mbele yake. Kwa hesabu ni sawa. Lakini nimeona mikono ya watu ikitetemeka mbele ya mnyama, na mkono unaotetemeka hausemi "moja tu". Siushauri.

Hivyo tunabaki na vichwa vya pua bapa, baadhi ya vile vya pua butu ya duara iliyo pana, na kimoja cha ncha ya mpira ambacho nitakifikia.

Greni 150 au 170

Huu ndio ushindani wenyewe, mengine ni ya pembeni. Vyote viwili ni vichwa vya madini ya risasi vilivyovishwa koti la shaba, pua laini imeachwa wazi na imekatwa bapa. Vinatengenezwa na kampuni zote kubwa za kazi hii: Hornady, Speer, Sierra. Wa greni 150 kwa risasi ya kiwandani hutoka kwa mita 728 hivi kwa sekunde, wa 170 kwa mita 670. Hizo namba hupimwa kwa mtutu mrefu. Mtutu wa inchi 20 kama wa mpwa wangu unapunguza kidogo.

Tofauti ya njia yao hewani ipo, ila kwa mita mia moja, kwa macho ya chuma ya kulengea yaliyo juu ya mtutu ule, huwezi kuiona. Greni 150 inasukuma bega kwa nguvu ndogo kuliko mwenzake, na kwa kulungu wa kawaida inatosha kabisa. Mtu mwembamba au anayeanza, mpe 150.

Mimi napendelea 170, na sababu yangu ina nyayo.

Msimu mmoja wa kiangazi tulikuwa na mgeni mwenye .30-30 kama hii. Alikuwa amejaza vichwa vya greni 180 vya pua ya duara, akidhani uzito ndiyo nguvu. Kwenye bomba vilikuwa salama. Asubuhi akampiga kongoni kwa hatua tisini, nyuma kidogo ya bega, mahali pazuri. Kongoni akashtuka, akaondoka na wenzake kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulikuta matone matatu ya damu juu ya jani kavu la mninga, kisha hakuna kitu. Tukafuata nyayo kuanzia saa moja mpaka karibu saa sita, jua la utosini, mimi mbele nimeinama, nikitafuta ukwato mmoja uliokuwa unaburuta kidogo upande. Tulimkuta amesimama chini ya mtundu, kichwa kimeshuka, anapumua kwa mdomo. Mgeni akammaliza. Hakusema neno mpaka tunarudi kambini, na macho yake yalikuwa mekundu.

Nilipochuna nilikipata kile kichwa cha kwanza chini ya ngozi ya ubavu wa pili. Pua ilikuwa imebonyea kidogo tu, kama msumari uliopigwa nyundo mara moja. Kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya .30-06, ambayo hukirusha kwa mita 820 kwa sekunde, na koti lake ni nene ili kisisambaratike kwa mwendo huo. Kwenye .30-30 kilitoka kwa mita 600 hivi, basi kikapita kama sindano. Yule kongoni alibeba kosa la boksi kwa saa tano.

Miaka miwili baadaye nilichuna kongoni mwingine aliyepigwa kwa .30-30, safari hii kichwa cha greni 170, pua bapa, kilichotengenezwa kwa risasi hiyohiyo. Alikimbia hatua arobaini akaanguka. Kichwa nilikitoa mahali palepale, chini ya ngozi ya upande wa pili, lakini kilikuwa kimefunguka kama sahani ndogo, upana karibu mara mbili ya wake wa mwanzo, na shina fupi nyuma yake likiwa bado zima. Kichwa cha namna hiyo kinakata njia pana halafu bado kina uzito wa kuvuka mfupa.

Ndiyo maana nikiulizwa, swali langu la kwanza huwa si uzito. Nauliza: hiki kimetengenezwa kufunguka kwa mwendo gani? Boksi likisema ni cha .30-30, koti lake ni jembamba na kitafunguka hata umbali ukikipunguzia mwendo. Kati ya 150 na 170 vya namna hiyo huwezi kukosea sana. Nachukua 170 kwa sababu mnyama hasimami kila mara ubavu wazi, na gramu ile moja na kidogo ya ziada inasaidia kufika ndani anapokuwa amekupa pembe mbaya. Huko Montana kuna wapiti, kulungu mkubwa sana, dume lake linapita kilo 300. Kwa huyo .30-30 ni bunduki ndogo na mtu asogee karibu sana, au akubali kurudi mikono mitupu. Akishikilia kumwinda kwa bunduki hiyo, kampuni ya Nosler wana kichwa cha greni 170 chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki na uzito wake. Ni ghali, basi asikitumie kulengea makopo.

Ncha ya mpira

Miaka ya katikati ya 2000 Hornady walileta kichwa cha greni 160, FTX, chenye ncha ya plastiki laini inayobonyea kama kifutio cha penseli. Pua ni kali hewani, lakini ndani ya bomba inabonyea badala ya kugonga fataki. Ni ubunifu mzuri kweli. Kinatoka kwa mita 730 kwa sekunde kikiwa na baruti iliyoundwa kwa ajili yake, na hakichoki upesi njiani.

Kikilinganishwa na 170 bapa, faida yake inaanza kuonekana baada ya mita 150. Mwenye darubini juu ya bunduki, anayewinda kwenye mbuga wazi, atakipenda. Mpwa wangu ana macho ya chuma na ameniambia anawinda kwenye misitu ya misonobari inayomkumbusha Sao Hill. Pale mita 80 ni mbali. Sioni sababu ya kulipia zaidi. Tena lazima awe mwangalifu na urefu: risasi nzima ya .30-30 haitakiwi kuzidi milimita 64.8, la sivyo mashine ya wenzo inakwama. Na asidanganyike na kila ncha ya plastiki dukani. Nyingi ni ngumu, na ngumu ndani ya bomba ni sawa na ncha ya chuma.

Vya kumimina mwenyewe

Hapa ndipo penye kuokoa pesa hasa. Unayeyusha madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, unamimina kwenye kalibu, unabana kikombe kidogo cha shaba kwenye kitako ili kukikinga na moto wa baruti, unapaka nta. Kalibu ya Lyman namba 311041 ni ya miaka mingi na ilichorwa kwa .30-30: pua bapa, uzito wa greni 173 hivi.

Kwa kulenga shabaha kila Jumamosi hakuna cha kukishinda. Kinarushwa polepole, bega halichoki, mtutu hauliki upesi. Lakini kina masharti ambayo cha koti hakina. Lazima kiwe kikubwa kuliko kipimo cha mtutu kwa sehemu moja au mbili za elfu ya inchi. Kikiwa chembamba, moto unapita pembeni yake na kuacha utando wa madini ndani ya mifuo, na kuukwangua ni kazi ya siku nzima. Na moshi wa madini ya risasi ni sumu. Kuyeyusha ni nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa sufuria isiyorudi jikoni kamwe, watoto mbali, mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Mpwa wangu ana binti wa miaka minne. Hilo nilimwambia mara mbili.

Vya shaba tupu

Kama angekuwa California mjadala ungekuwa mfupi: tangu tarehe 1 Julai 2019 uwindaji wote kule ni kwa risasi zisizo na madini ya risasi. Barnes wanatengeneza kichwa cha greni 150 cha shaba tupu, pua bapa yenye tundu, kwa ajili ya .30-30. Kinafunguka kwa petali nne kinabaki na karibu uzito wake wote. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule kichwa ni kirefu na kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Kipimo cha baruti cha kichwa kingine cha 150 hakikihusu. Mwenye watoto wanaokula nyama ya kuwinda ana sababu nzuri ya kukifikiria hata kama sheria haimlazimishi, maana cha kawaida huacha chembe ndogondogo za madini nyamani. Nimezikuta kwa ncha ya kisu.

Mfereji, na kitabu

Chochote atakachochagua kati ya vya koti, kiwe na mfereji mwembamba uliozunguka ubavu. Mdomo wa ganda hubanwa hapo. Bila hivyo, springi ya bomba na mishtuko ya bunduki vitakisukuma kichwa kirudi ndani ya ganda, na shinikizo la moto litapanda. Hii ni bunduki ya shinikizo la wastani: kikomo cha .30-30 ni psi 42,000 (pauni kwa inchi ya mraba), wakati risasi ya kisasa iitwayo .308 Winchester inakwenda hadi 62,000. Vipimo vya baruti sitaviandika humu na asivichukue kwa mtu yeyote kwa mdomo. Achukue kitabu cha mtengenezaji wa kichwa chenyewe, aanzie kipimo cha chini.

Kwa wadogo zangu wa porini, neno moja la ziada. Si kila bunduki ya wenzo ina bomba. Winchester Model 1895 ina sanduku la risasi chini ya tumbo, kwa hiyo ncha kali ndani yake haina ugomvi na fataki. Ndiyo aliyokuja nayo Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, Afrika Mashariki mwaka 1909, kwa risasi ya .405, kichwa cha greni 300, kipenyo cha .411. Mgeni akikuambia amekuja na .405, muulize vichwa vyake amepata wapi kabla hamjatoka kambini. Kipenyo hicho ni adimu, na mtu aliyehangaika kuvitafuta anaweza kuwa amekubali chochote alichopata.

Mpwa wangu alinipigia juzi usiku. Amesukuma kipande chake, amepima: .3085. Kwa vichwa vya koti vya .308 mtutu huo hauna tatizo. Ameagiza boksi moja la 170 bapa kwa ajili ya uwindaji wa Novemba, na kalibu ya kumimina kwa ajili ya Jumamosi. Vya kumimina nimemwambia avipitishe kwenye kipimo cha .310, si .309, halafu baada ya risasi kumi za kwanza afungue wenzo, aweke karatasi nyeupe chemba, atazame kutoka mdomoni mwa mtutu kama mifuo bado inang'aa.